Kabla ya kutafuta mwalimu wa gitaa, jua unataka kupiga nini

Uliza wapiga gitaa wanne wa Kisumu mtu aanzie wapi, utarudi na majibu manne. Anayepiga kanisani atakwambia ushike kordi tatu, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, uanze kuwasindikiza waimbaji Jumapili ijayo. Mpiga solo wa benga, muziki wa magitaa wa Waluo, atakwambia kordi zingoje, kwanza usikilize. Mzee wa Bunyore aliyekulia kwenye gitaa kavu, lisilotumia umeme, ataangalia kidole gumba chako na kutikisa kichwa. Mwalimu wa muziki wa shule atakufungulia kitabu chenye mistari mitano ya nota. Ukikimbilia YouTube unawakuta wote wanne humo, na wengine maelfu, mmoja wao akiahidi kukumaliza kwa siku saba.

Hakuna anayedanganya, isipokuwa huyo wa siku saba. Tatizo ni kwamba gitaa ni chombo kimoja chenye kazi zaidi ya moja. Kuna kusindikiza sauti: mkono wa kushoto unashika kordi, wa kulia unacharaza nyuzi juu na chini. Kuna kupiga besi na wimbo kwa pamoja, kidole gumba kikifanya chake na kidole cha shahada kikifanya chake. Halafu kuna solo, sauti mojamoja ndani ya bendi ambamo rithimu na besi zimeshikwa na wengine. Mtu anaweza kuwa fundi wa kazi moja na kuwa mgeni kabisa katika nyingine, na njia nyingi za kujifunza zinafundisha moja tu bila kukuambia.

Kozi za mtandaoni hasa hufundisha ile ya kwanza. Nyingi zimetungwa Uingereza na Marekani, ambako anayeanza hutaka kuimba nyimbo za pop na roki huku akicharaza. Kijana wa Kondele aliyelelewa na benga akifuata kozi kama hiyo kwa miezi mitatu atacharaza vizuri tu, lakini akiweka rekodi anayoipenda hapati pa kuingilia. Hapo ndipo wengi hulitundika gitaa ukutani wakisema hawana kipaji. Kipaji hakijahusika bado. Amefundishwa kazi nyingine.

Eneo letu lina desturi yake ya gitaa, kongwe kuliko kozi hizo zote. Ukitaja mtindo wa omutibo, jina la kwanza litakalotoka ni George Mukabi wa Kisa, Kakamega, aliyezaliwa 1930 na kufariki 1963. Sahani za Jean-Bosco Mwenda wa Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, nazo zilisikika Afrika Mashariki, na watu wakaona jinsi gitaa moja linavyoweza kujaza chumba. Katika omutibo kidole gumba hutembea kwenye nyuzi nene bila kubadili mwendo, na kidole cha shahada huchomoa wimbo kwenye nyuzi nyembamba. Pembeni mwenzako anagonga na kukwaruza chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mikunjo, na hiyo inatosha kuwa ngoma. Abana ba Nasery wa Bunyore walifika na muziki wa aina hiyo, magitaa na chupa yao, mpaka Uingereza.

Upande wa Nyanza habari ni nyingine. Benga ina deni kubwa kwa nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi 8, ambacho mpigaji hukichomoa kwa mikono miwili huku pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga ubao kushika mapigo. Gitaa lilipoingia, vile vifungu vifupi vya nyatiti vinavyojirudia vilihamia humo. Solo ikawa inajibizana na mwimbaji, rithimu ikiziba mapengo, besi ikirukaruka, na mwimbaji akishamaliza maneno yake magitaa yanachukua wimbo na kuukimbiza. Wapigaji wa enzi ya D.O. Misiani, nguli wa benga aliyezaliwa Shirati, Tanzania, mwaka 1940 na kufariki Kisumu mwaka 2006, hawakujifunza hayo kwa chati. Walisikiliza, wakatazama mikono ya wenzao, wakaazima gitaa la mtu usiku.

Katika mitindo hii miwili kordi zipo, ila hazicharazwi zote kwa mkupuo. Zinavunjwa vipandevipande. Anayetaka omutibo anaweza kushika kordi ya C peke yake wiki nzima, kidole gumba kikipiga uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne bila kusimama, kabla hajaruhusu kidole cha shahada kuingiza hata sauti moja kwenye uzi wa pili. (Uzi wa kwanza ndio mwembamba kabisa, ulio karibu na sakafu ukishika gitaa; wa sita ndio mnene.) Zoezi hili linachosha, najua. Lakini kidole gumba kikishajiendesha chenyewe, mengine yote hupachikwa juu yake, na kisipojiendesha hakuna kitakachosimama.

Anayetaka benga aanzie kwenye sikio, na hapa Mkenya aliyepita kwenye kwaya ya shule ana mtaji ambao kozi za nje hazimhesabii: solfa. Ukiweza kuimba do re mi fa so la ti do bila kuyumba, nusu ya nadharia ya gitaa unayo tayari. Kanuni ni moja. Kutoka mi hadi fa, na kutoka ti hadi do, ni freti moja, yaani nafasi moja kati ya vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa. Kwingine kote ni freti mbili. Basi chukua uzi wowote, uite do ukiwa wazi, yaani bila kuubonyeza. Re itakuwa freti ya 2, mi ya 4, fa ya 5, so ya 7, la ya 9, ti ya 11, na do ya juu itakuwa freti ya 12, ambayo iko katikati kabisa ya urefu wa uzi. Piga huku ukiimba. Mtoto wa darasa la sita anaweza kufanya hivi alasiri moja, na tangu hapo freti hazimtishi tena.

Bila shaka hakuna anayepiga wimbo mzima kwa kupanda na kushuka kwenye uzi mmoja. Hatua inayofuata ni kuhamia nyuzi mbili. Weka do kwenye freti ya 1 ya uzi wa pili, re kwenye freti ya 3 ya uzi huohuo. Mi ni uzi wa kwanza ukiwa wazi, fa freti yake ya 1, so ya 3, la ya 5. Hapo umepata ngazi karibu nzima ya C bila kuuhamisha mkono sana, na pambio lolote la Jumapili shule unaloweza kuliimba kwa solfa unaweza sasa kulitafuta.

Ukishafika hapo, chukua wimbo wa benga na ukate kipande cha sekunde tano, kisizidi. Vaa vipokea sauti. Chagua gitaa moja tu la kulifuata, maana kosa la wengi ni kutaka kusikia bendi nzima kwa pamoja. Imba kile kipande kwanza mpaka ulimi ukikubali, kisha kitafute kwenye nyuzi. YouTube ina sehemu ya kupunguza mwendo hadi 0.75 au 0.5, na sauti haishuki. Wazee hawakuwa na bahati hiyo. Sahani ya santuri ya mizunguko 45 kwa dakika ukiichezesha kwa 33 ilikwenda polepole kweli, lakini wimbo ulizama kwa kadiri ya freti tano, ukabaki kuupandisha tena kwa akili yako. Walioweza hivyo wakawa mafundi, na sisi wenye simu hatuna pa kujitetea.

Sasa kordi, maana si kila mtu anataka solo, na anayetaka kuwa na manufaa kanisani au kwenye sherehe za nyumbani mwezi ujao aanzie hapa bila aibu. Nyimbo nyingi mno, pambio na benga zikiwemo, husimama juu ya kordi tatu: inayojengwa juu ya do, inayojengwa juu ya fa, na inayojengwa juu ya so. Ukiwa kwenye G, yaani do yako ikiwa G, hizo ni G, C na D. Ongeza Em na Am, kordi za minori, baadaye. Kazi yenyewe si kuzishika bali kutoka moja kwenda nyingine kabla wimbo haujakuacha, kwa hiyo pima mabadiliko. Weka saa ya simu dakika moja, nenda G na C, G na C, ukihesabu. Leo utapata kumi na mbili, na sauti zingine zitakuwa zimezibwa. Endelea kila siku mpaka ifike arobaini au hamsini, ndipo uingize wimbo.

Kordi ya F ndiyo inayowaangusha watu, kwa sababu kidole kimoja kinatakiwa kulala juu ya nyuzi zote sita. Usiifanye mlango wa kuingilia. Tumia kepo, kile kibanio kinachofungwa shingoni mwa gitaa na kupandisha nyuzi zote kwa pamoja, kisha utumie maumbo unayoyajua. Kanisani inakuokoa zaidi, maana kiongozi wa sifa huanzisha wimbo popote koo lake lilipoamkia, na mpiga kinanda anabonyeza kitufe tu akamfuata. Ukiangukia A bemoli, kepo kwenye freti ya 1 na umbo la G litakufikisha. Kama huna kepo, penseli na kipande cha tyubu ya baiskeli hufanya kazi hiyohiyo.

Kuhusu simu yenyewe. Zipo kozi nzuri za bure. Ya Justin Sandercoe, Mwaustralia mmoja, ipo mtandaoni tangu 2003 na imepangwa hatua kwa hatua, jambo ambalo video za kubahatisha hazina. Ni ya Kiingereza, lakini mkono unaonekana. Ubaya wa video ni kwamba mwalimu anakuelekea, hivyo kushoto kwake kuko kulia kwako, na siku za mwanzo unajikuta umeigiza kinyume. Tena data inakula pesa. Pakua somo penye Wi-Fi, ulirudie wiki nzima, badala ya kuhangaika na masomo kumi kwa siku. Programu za simu zinazosikiliza kwa maikrofoni husema kama sauti uliyopiga ni sahihi. Haziwezi kuona kwamba umekunja kiwiko au unabana shingo ya gitaa mpaka kidole gumba kinauma. Hata hivyo programu moja kila anayeanza awe nayo, ile ya kutyuni, yaani kukaza au kulegeza nyuzi mpaka zitoe sauti sahihi. Nyuzi sita kutoka nene hadi nyembamba ni E, A, D, G, B, E, na gitaa lisilotyuniwa linamfundisha sikio uongo kila siku.

Mtandaoni utakutana pia na michoro ya aina mbili inayowachanganya watu. Mchoro wa kordi ni mistari sita iliyosimama: hiyo ni nyuzi, ukilitazama gitaa likiwa limesimama mbele yako, na nukta zinaonyesha vidole. Tablecha ni mistari sita iliyolala, yenye namba. Namba ni freti, 0 ni uzi wazi. Kinachochanganya ni kwamba mstari wa juu kabisa ndio uzi mwembamba, ilhali ukishika gitaa uzi huo uko chini. Na tablecha nyingi zilizoandikwa na watu mtandaoni zinakuambia ubonyeze wapi bila kukuambia lini. Bila kuusikia wimbo hazikufikishi popote.

Mwalimu wa ana kwa ana bado ana kitu ambacho skrini haina: anaona. Ataona kwamba unabonyeza katikati ya freti badala ya karibu na kile chuma, ndiyo maana unatumia nguvu nyingi na uzi bado unalia vibaya. Ni kosa la sekunde mbili kurekebisha, na mtu wa peke yake anaweza kukaa nalo mwaka. Lakini kabla hujamlipa, mwombe apige muziki unaoutaka. Mpiga kwaya hodari anaweza asijue omutibo hata chembe, na yule wa Nakuru anayeshikilia baa nzima kwa mugithi, gitaa moja na sauti moja, anajua kusindikiza kuliko wengi lakini pengine hajawahi kucheza solo ndani ya bendi. Wa kutafuta wapo zaidi ya unavyofikiri: vikundi vya sifa, bendi za hoteli, wanafunzi wa muziki wa Chuo Kikuu cha Maseno, na wazee vijijini ambao hakuna anayewaendea tena.

Hao wazee wana shida moja. Walijifunza kwa kutazama, kwa hiyo hawajui kukivunja wanachokijua.

“Mzee, tafadhali rudia polepole kidogo.”

“Hiyo ndiyo polepole yake, kijana wangu.”

Na anasema kweli. Akipunguza zaidi vidole vinapotea njia. Dawa ni kumwomba ruhusa umrekodi kwa simu, ukielekeza kamera kwenye mkono wa kulia, si usoni. Nyumbani unapunguza mwendo na kumtazama kidole gumba mara ishirini. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kuliko zote kwa anayeanza upande huu wa Kenya: mzee, simu na solfa kwa pamoja. Mpelekee sukari.

Njia ya kitabu na mtihani nitaipitia haraka. Taasisi za Uingereza kama ABRSM, iliyoanzishwa 1889, na Trinity College London zina mitihani ya gitaa kutoka daraja la 1 hadi la 8. Inakufundisha kusoma nota na inakupa cheti, na kwa mtoto anayeelekea kusomea muziki inafaa sana. Kwa anayetaka kupiga benga harusini, nota ni mzunguko mrefu. Atazirudia baadaye akizihitaji.

Chombo chenyewe kinaharibu wanafunzi wengi kuliko mwalimu mbaya. Gitaa la bei nafuu mara nyingi lina nyuzi zilizoinuka mno juu ya freti, na mtu anadhani vidole vyake ni dhaifu. Dukani bonyeza freti ya 1 halafu ya 5. Ikihitaji kukaza meno, liache. Piga uzi ukiwa wazi, kisha freti ya 12 ya uzi huohuo: iwe sauti ileile, juu zaidi. Ikipishana, gitaa hilo halitatyunika milele. Nyuzi za nailoni ni laini kwa vidole vinavyoanza, za chuma zina ule mlio mkali wa omutibo. Lakini usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni. Mvuto wake ni karibu mara mbili, na utaling'oa daraja linaloshikilia nyuzi. Na usiliache ndani ya gari lililoegeshwa kwenye jua la Kisumu, gundi huachia.

Vidole vitauma wiki mbili tatu, ngozi iwe ngumu, yaishe. Dakika ishirini kila siku zinazaa kuliko saa tatu za Jumamosi, kwa sababu ngozi husahau na mkono husahau. Mashoto aamue mapema: ageuze nyuzi, anunue gitaa la mashoto, au ajifunze kama wengine. Akichagua la kwanza asikubali lile la kuligeuza tu bila kubadilisha kipande chenye mifereji kule kichwani, kwa sababu mifereji ya nyuzi nene na nyembamba haina upana mmoja.

Jambo la mwisho ambalo hakuna kozi ya mtu mmoja inayolitoa ni kupiga na mwenzako, na muziki wa huku karibu wote ni wa kujibizana. Si lazima mngoje mpaka mjue. Mkishakuwa na kordi tatu kila mmoja, tyunini magitaa mawili yafanane. Wa kwanza apige G, C, D kawaida, kila kordi mapigo manne, kisha arudi G. Wa pili afunge kepo kwenye freti ya 5 na ashike maumbo ya D, G na A. Kordi zitakazotoka ni zilezile G, C na D, lakini juu zaidi, kwa sauti nyembamba. Wa pili asicharaze. Achomoe sauti mbili tatu tu ndani ya kila kordi, azirudie zilezile kila zamu, aache nafasi. Baada ya dakika tano badilishaneni. Mtu wa tatu akitokea, mpeni chupa na kijiko.